Mashuka Ishirini ya Pumzi

Bi Kamba hakuwa na imani na macho. Macho yanadanganywa na jua, alikuwa akisema, lakini shavu halidanganyiki. Kwa hiyo shuka alilipima kwa shavu: analivuta kidogo kutoka kwenye kamba, analibandika shavuni, anafumba macho, na hapo hapo anajua kama limekauka, kama sabuni imetoka yote, na kama aliyelisuuza alikuwa na haraka ya kwenda nyumbani. Wenzake wa chumba cha kufulia walimcheka mpaka wakachoka, kisha wakaanza kumwiga.

Alikuwa dobi wa hospitali kwa miaka ishirini na miwili. Jina la Bi Kamba alilipata siku alipomfokea mganga mkuu mwenyewe kwa kupita chini ya kamba zake na kikombe cha chai mkononi. Tangu siku ile mganga mkuu akawa anazunguka. Hospitali ilikuwa ya ghorofa tatu, na juu ya paa lake la zege kulikuwa na nguzo za chuma na kamba kumi za waya. Kila kamba ilibeba mashuka mawili. Mashuka ishirini kwa mkupuo, hayazidi wala hayapungui, na kila asubuhi Bi Kamba aliyahesabu kwa kidole kana kwamba kuna mtu angeiba moja katikati ya hesabu.

Sasa, palikuwa na utaratibu mmoja pale ambao sidhani kama utaukuta kwingine. Mtunza stoo alikuwa mbahili wa kutupwa, hatoi shuka jipya mpaka aone kwa macho yake kwamba la zamani limeharibika. Kubishana naye kila wiki kulimchosha Bi Kamba. Akabuni njia: shuka likigoma kutakata, analikata kona, kipande cha upana wa kiganja, anakishona kwenye ukurasa wa daftari kubwa na kuandika tarehe na sababu. Damu. Kutu ya kitanda. Dawa ya kidonda. Mtunza stoo akileta maneno, anafunguliwa ukurasa, ananyamaza. Baada ya miaka kumi na miwili daftari lilikuwa limevimba hata halifungiki, ikabidi alifunge kwa mkanda wa gauni kuukuu.

Na ndani ya daftari lile kulikuwa na sababu moja iliyorudi kila mwaka, nayo hakuwa na jina lake. Aliandika tu: Kijivu. Yalikuwa mashuka aliyoyaanika asubuhi meupe pe, akayaanua mchana yamefifia, hayana doa, hayana damu, hayana lolote la kuonyesha kwa kidole. Aliyafua tena kwa buluu, ile rangi ya kung'arishia nguo nyeupe, akayachemsha, mapya yakarudi kidogo, yaliyochakaa yakagoma. Mwaka mmoja Sista wa wodi ya watoto alimuuliza mbele za watu kama siku hizi anabana sabuni. Bi Kamba hakula mchana ule kwa hasira.

Kitu kingine alikijua lakini hakuwahi kumwambia mtu, maana angeonekana amechanganyikiwa. Siku ya kijivu ikipita, siku mbili baadaye wodi zinaomba mashuka zaidi. Wodi ya watoto inalaza wawili wawili. Wodi ya wazee inajaa watu wa moyo. Kila mara ilikuwa hivyo. Yeye aliuita mkosi na kuongeza maji kwenye mashine.

Nyumbani kwake, nyumba ya tano kutoka lango la hospitali, alikaa na mjukuu wake wa miaka saba. Mama wa mtoto alikuwa anashona nguo kiwandani katika mji mwingine na alikuja mwisho wa mwezi. Mtoto mwenyewe aliitwa Chiriku, na aliyempa jina hilo hakukosea. Jamani, yule mtoto alikuwa anasema! Aliamka anasema, alipiga mswaki anasema, aliwasimulia kuku wa jirani mambo ya shuleni. Bibi yake alikuwa na wimbo mmoja tu kutwa nzima: "Chiriku, nyamaza kidogo, upumzishe ulimi." Na Chiriku alikuwa na pumu. Shambulio lake lilianza kwa ukimya. Sentensi zinafupika, halafu maneno yanakuwa moja moja, halafu hakuna. Wazazi wengine husikiliza kikohozi cha mtoto, Bi Kamba alisikiliza ukimya.

Ng'ambo ya ua kulikuwa na tanuri la mikate la mdogo wake Bi Kamba, mwanamume mpole, mwenye mikono mikubwa na maneno machache. Tanuri lile la kuni walijengewa na marehemu baba yao, tofali kwa tofali. Ubavuni mwake baba alijenga pia chumba kidogo cha kuumulia, pale unga uliokandwa unapoachwa uumuke kabla ya kuokwa. Chumba kile hakina dirisha, maana unga hautaki upepo. Kingo za mlango zilizungushiwa vitambaa vya kuziba nyufa, na vitambaa hivyo Bi Kamba mwenyewe alikuwa akivishona kila mwaka kutoka mashuka mabovu ya hospitali. Chiriku alishinda pale siku zote za kutokwenda shule, amekaa juu ya karai lililopinduliwa, anampigia babu yake huyo soga na kungoja ncha ya mkate wa kwanza.

Jumamosi moja ya kiangazi, siku yenye ukungu mkavu wa ajabu, Chiriku alirudi kutoka kwa babu yake bila kusema kitu. Bi Kamba alikuwa amemgeuzia mgongo, anakunja nguo. Alisikia ule ukimya ukiingia mlangoni. Alipogeuka aliona midomo imekuwa ya zambarau na mbavu zinaingia ndani kwa kila pumzi. Alimbeba mgongoni akakimbia mpaka hospitali, kandambili moja ikabaki barabarani. Wakamvalisha mtoto barakoa ya mvuke, wakamlaza.

Kesho yake asubuhi Bi Kamba alirudi nyumbani kuchukua nguo. Akakuta moshi wa tanuri unavuka ua taratibu na kuingia dirishani kwake. Akili ikamruka. Alinyakua ndoo ya maji ya kusuuzia, yenye buluu ndani yake, akapita kwenye geti la ua, akamsukuma mdogo wake kwa kiwiko na kuyamwaga yote ndani ya mdomo wa tanuri.

Matofali yalikuwa yanawaka tangu alfajiri. Yalitoa mlio mmoja, paa! Ufa ukapanda kutoka mdomoni mpaka utosini, na nusu ya paa la tanuri ikakaa chini kwa uchovu. Mvuke ulipotawanyika, mdogo wake alikuwa bado amesimama na ule mti wake mrefu wa kutolea mikate.

"Dada," alisema, "hilo ni tanuri la baba."

"Na aliyelazwa hospitali ni kitukuu cha baba!"

 Mdogo wake aliuegemeza mti ukutani, akafungua aproni, akaikunja vizuri, akaondoka. Wiki ile alipata kibarua cha kupakia kreti kwenye kiwanda cha mikate upande wa pili wa mji. Ndugu wawili, ua mmoja katikati, hata salamu hakuna. Akikutana na Chiriku njiani anampa peremende, akikutana na dada yake anatazama viatu. Miezi minane ilikwenda hivyo, na Bi Kamba alijiambia kila siku kwamba hajutii. Mvua zilinyesha, mtoto alinenepa, akasema mchana kutwa. Mwaonaje? Bi Kamba aliwauliza wenzake kazini. Si nilisema ni tanuri?

Halafu kiangazi kikarudi.

Asubuhi moja anga likapata rangi ya maji ya kusuuzia mara ya tatu. Bi Kamba alipanda paani na kapu lake, akaanika, akayarudia mchana, akabandika shavu kwenye shuka la kwanza. Lilikuwa kavu, halina sabuni, na lilikwaruza. Alilitazama kwa jua, na kwa mara ya kwanza aliogopa kitu kilichomo ndani ya nguo aliyoifua mwenyewe. Kijivu. Alitazama chini kwenye ua wa mdogo wake. Tanuri lilikuwa limekaa pale limepasuka, jani limeota kwenye ufa. Hakukuwa na hata uzi mmoja wa moshi.

Jioni ile Chiriku akaanza kusema neno moja moja. Walimlaza siku ile ile, na safari hii alizidiwa kuliko mwanzo.

Siku ya tatu, baada ya siku mbili za kukaa kando ya kitanda cha mtoto, Bi Kamba alipanda paani amevimba kwa hasira isiyokuwa na pa kwenda, akakuta mtu mwingine kwenye himaya yake. Binti mmoja mwenye buti na mfuko mgongoni alikuwa amepiga magoti kando ya nguzo ya nne, anakaza skrubu za sanduku la bati lenye bomba fupi juu.

"Wewe binti! Nani kakuruhusu kufunga kidude kwenye nguzo yangu?"

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nguzo yangu."

"Mganga mkuu amenipa ruhusa, mama. Mimi ni mpima hewa."

"Hewa inapimwa? Kwa kilo au kwa lita?"

"Kwa kilo pia," alisema mpima hewa bila kucheka, "ila kilo ndogo mno."

Akafungua sanduku. Ndani kulikuwa na pampu ndogo inayonguruma, na mbele ya pampu kikaratasi cha duara cha kuchujia, upana wa mfuniko wa chupa ya maziwa. Alikitoa kwa koleo dogo. Jana, alisema, nilikiweka kikiwa cheupe kama mashuka yako. Leo kilikuwa na rangi ambayo Bi Kamba aliijua kuliko rangi ya macho ya mwanawe. Aliinama, na kwa mazoea ya miaka ishirini na miwili akapeleka shavu.

"Mama! Usiguse!"

"Sikigusi, nakisalimia," alisema Bi Kamba, na sauti yake ilikuwa imeshuka. "Hiki ni kijivu changu."

Alishuka ngazi ghorofa tatu, akapanda tena anahema, na daftari kifuani. Wakakaa kwenye makarai yaliyopinduliwa, katikati ya kamba, na mpima hewa akaanza kufunua kurasa. Damu, kutu, damu, kijivu. Alipofika kijivu cha tano alitoa simu na kuanza kulinganisha tarehe. Alipofika cha ishirini aliweka simu chini. Mpima hewa mzima, mwenye sanduku la pampu, alikuwa ameshika vitambaa vilivyochakaa kwa ncha za vidole.

"Mama, hizi tarehe ni za kweli?"

"Mimi si mtunza stoo."

"Maana hapa hakuna aliyewahi kupima. Sanduku hili ni la kwanza, limefungwa jana. Sisi tuna rekodi za upepo tu, tunabahatisha. Wewe una miaka kumi na miwili ya hewa yenyewe, umeishona kwa uzi."

Akamwonyesha ramani kwenye simu, mistari ya upepo inayotembea. Hewa tunayovuta hapa sasa, alisema, siku nne zilizopita ilikuwa huku. Kidole kikavuka mpaka wa nchi, kikavuka mpaka wa pili, kikasimama mahali ambapo Bi Kamba hajui hata watu wake wanasalimianaje. Wakati huu wa mwaka nyika na mashamba ya huko yanachomwa kabla ya kupanda, eneo kubwa ajabu. Moshi unapanda juu, unasafiri. Ukipita juu ya jiji lenye viwanda unaongezewa. Ukipita barabara kuu ya malori unaongezewa. Ukipita miji inayochoma taka, nao wanatia chao. Mpaka ufike hapa umeshakuwa mchanganyiko wa kila mtu.

"Siku nne," alisema Bi Kamba. "Bila kulala njiani?"

"Bila kulala."

"Na mpakani hawaulizi hati?"

Mpima hewa alicheka, lakini Bi Kamba hakucheka. Alikuwa anamwona mtu aliyewasha kiberiti. Pengine ni bibi wa umri wake, anasafisha shamba kabla ya mvua, ana mjukuu wake msemaji anayemzunguka miguuni. Amewasha, amerudi nyuma, amefuta jasho. Hajui kwamba yuko Chiriku duniani. Loo! Mtu anaweza kumziba mwenzake pumzi kutoka mbali hivyo, bila chuki, bila hata kujua jina lake.

"Sasa huo moshi unaingiaje?" aliuliza. "Mtoto ana pua, ana makamasi, ana kikohozi cha kuutoa."

"Chembe zake ni ndogo mno, mama. Kwenye upana wa unywele mmoja zinaweza kujipanga thelathini. Pua haizioni. Zinashuka mpaka mwisho kabisa wa mapafu, kwenye vifuko vidogo vinavyopokea pumzi, na nyingine zinapenya mpaka kwenye damu. Ndiyo maana siku hizi hamzidiwi na watoto tu. Wazee wa moyo nao wanakuja."

"Baada ya siku mbili," alisema Bi Kamba.

"Nani kakwambia?"

"Mashuka."

Mpima hewa alimtazama. Kisha akageuza kichwa, akatazama kamba zote kumi kama mtu anayetafuta kitu.

"Shuka lako lina upana gani, mama?"

"Mita moja na nusu kwa mbili na nusu. Kwa nini?"

"Vile vifuko vya mapafu ya mtu mzima, ukivikunjua vyote ukavitandaza chini..." Akahesabu kwa vidole, akarudia hesabu. "Vinakaribia haya. Haya yote hapa."

"Yapi?"

"Mashuka yote ishirini. Mtu mmoja."

Upepo mdogo ulipita. Mashuka yakajaa, yakainuka pamoja, yakashuka pamoja. Bi Kamba alisimama, hakujua kwamba amesimama. Aliweka kiganja kifuani, mahali padogo, panapofunikwa na mkono mmoja, akayatazama yale mashuka kuanzia kamba ya kwanza mpaka ya kumi. Salaala! Yote haya, humu? Kila asubuhi ya maisha yake alikuwa akipanda hapa kutandaza kifua cha mtu mmoja mbele ya upepo, akiulaumu upepo kwa kuchafua nguo, na kumbe upepo ule ule ulikuwa unapita ndani ya kila mtu pale chini, wodini, sokoni, shuleni, unaacha kijivu chake mahali ambapo hakuna dobi awezaye kuingia na sabuni. Machozi yalimtoka na hakuyafuta.

"Na ya mtoto?" aliuliza. "Wa miaka saba?"

"Yake ni machache. Bado yanaongezeka. Ndiyo maana anaumia zaidi."

 Halafu Bi Kamba akauliza swali alilokuwa analizunguka tangu mwanzo, na aliliuliza akitazama sakafu.

"Na tanuri la mikate? La kuni. Nyumba ya pili."

"Tanuri lina moshi wake, sikudanganyi, na mwenye pumu hafai kukaa karibu nalo. Lakini kijivu cha daftari hili? Tanuri moja la mikate halijazi wodi tatu, mama."

Aibu ilimpanda Bi Kamba kutoka miguuni. Aliuona ule ufa, akasikia ule mlio. Baba yake alibeba matofali yale kwa kichwa.

Mpima hewa alikuwa bado anatazama simu, na uso wake ulibadilika. "Keshokutwa," alisema. "Linakuja wingu jingine. Hili lililopita ni dogo ukilinganisha."

Daktari wa watoto, alipoambiwa, alivua miwani na kuipangusa kwa koti. Alimruhusu Chiriku kesho yake, kwa inhela mpya, kile kipulizio cha dawa ya pumu, na onyo. "Bibi, dawa ninayo," alisema. "Hewa safi sina. Hata hapa wodini nusu ya madirisha hayafungi, na vitanda vinalaza wawili. Akipata shambulio jingine wiki hii, kifua hiki kimechoka, sitaki kukuficha. Mtafutie chumba kisichopenyeza hewa."

Chumba! Mpima hewa alikuja nyumbani na kipimo chake kidogo cha mkononi. Akapima uani, akapima chumbani kwa Bi Kamba. Namba ilikuwa ile ile. Kati ya ukuta na bati kulikuwa na nafasi ya paka kupita, na mlango ulionyesha mchana pande zote nne. Unaweza kuziba, alisema, lakini hutamaliza kwa siku moja. Nahitaji chumba kidogo, kuta nene, hakina dirisha, mlango unaobana. Ukinipatia hicho nitakuletea feni na chujio, nalifunga mbele ya feni, linasafisha hewa iliyomo humo humo.

Bi Kamba aligeuka polepole kuelekea ua.

Mdogo wake alirudi kutoka kazini saa tisa mchana. Alimkuta dada yake amekaa juu ya karai, lile la Chiriku, mlangoni pake. Alitazama viatu.

"Nimekuja kuomba chumba," alisema Bi Kamba.

"Chumba kipi?"

"Cha kuumulia. Kwa ajili ya mtoto. Kesho unakuja moshi mkubwa."

"Moshi wa nani? Mimi siwashi siku hizi."

"Najua." Aliinuka kutoka kwenye karai. "Haukuwa wako. Nimeonyeshwa. Unatoka nchi ambayo mimi na wewe hatutafika mpaka tunakufa. Nilikosea." Kisha maneno yakamtoka yote kwa fujo, kiberiti cha yule bibi wa mbali, unywele mmoja na chembe thelathini, daftari, mashuka. "Ishirini, mdogo wangu. Mtu mmoja anatembea na mashuka ishirini ndani ya kifua. Na mimi nayaanika miaka yote hiyo sijui."

"Ishirini?" alisema mdogo wake. Akajitazama kifua. "Hata yule Chiriku, alivyo mdogo?"

"Yake bado yanashonwa."

  Mwanamume yule aliingia ndani, akatoka na brashi na matambara, akafungua chumba cha kuumulia kilichofungwa miezi minane, na kuanza kusugua vumbi la unga kutoka kwenye rafu ya juu kabisa kushuka chini.

"Lete maji," alisema bila kugeuka. "Na safari hii usiyamwage ovyo."

Bi Kamba alileta maji, ndoo baada ya ndoo, mpaka kuta zikatoa mng'ao. Alishona upya vitambaa vya mlango.

Wingu lilikuja kama lilivyoahidiwa, asubuhi na mapema. Jua lilipanda jekundu, unaweza kulitazama bila kukunja uso. Mpima hewa alisimama uani na kipimo: namba ya moshi ilikuwa mia mbili na arobaini. Akaingia chumba cha kuumulia, feni inavuma na chujio lake, mlango ukafungwa nyuma yake. Walimsubiri mle ndani, bibi, babu na mtoto, wamebanana kwenye mkeka mmoja. Namba ilishuka mia moja. Themanini. Hamsini. Ilisimama thelathini na moja.

"Kaeni," alisema mpima hewa. "Msifungue ila kwa lazima." Akakimbilia hospitali kwenye sanduku lake.

Chiriku alikuwa amelala kifudifudi juu ya mapaja ya bibi yake, hasemi kitu. Bi Kamba aliinama, akabandika shavu kwenye mgongo wa mtoto, akafumba macho. Kulikuwa na filimbi mle ndani, nyembamba, inapanda na kushuka. Alimpa inhela kama alivyofundishwa. Saa nne akabandika shavu tena, filimbi ipo. Saa sita ilikuwa imefifia upande wa kushoto. Mdogo wake alikuwa anamtazama usoni kila mara, na kila mara alikuwa haulizi. Nje ya mlango ule, mji mzima ulikuwa unavuta moshi wa watu wasiowajua, na hapa, ndani ya kuta za baba yao, pumzi safi ilikuwa imekaa mkononi mwa watu watatu. Bi Kamba alihofu hata kuhema kwa nguvu asije akaimaliza.

Saa nane alibandika shavu mara ya nne, akalikawiza pale. Hakukuwa na filimbi. Mgongo ulipanda na kushuka bila kukwaruza popote.

"Babu," alisema Chiriku.

Wote wawili waliruka.

"Naam, mama."

"Mbona chumba cha mkate hakina mkate?"

Mdogo wake Bi Kamba alitazama viatu, ingawa safari hii hakuwa amevaa. Angeweza kusema lolote kumfichia dada yake, na angesema, maana alikuwa mtu wa namna hiyo. Bi Kamba akamwahi.

"Mimi ndiye niliyelipasua tanuri, Chiriku. Nilidhani ndilo linalokunyima pumzi."

Mtoto alilitafakari jambo hilo. "Uliniambia lilipasuliwa na mvua."

"Nilikudanganya."

"Ulimwomba babu msamaha?"

 Bi Kamba alikumbuka alivyokuja kuomba chumba, na alivyosema amekosea, na kwamba lile neno lenyewe hakuwahi kulisema.

"Bado."

"Si uko naye hapa."

Ni kweli, alikuwa naye pale, goti kwa goti. "Nisamehe, mdogo wangu," alisema. "Hukunikosea kitu. Nilivunja kazi ya baba na riziki yako, na leo umenipa pumzi ya mtoto."

Mdogo wake alijipangusa uso kwa kiganja chake kikubwa, kutoka kipaji mpaka kidevu. "Matofali yanapatikana, dada," alisema mwishowe. "Nitalijenga. Ila bomba la moshi nalipandisha juu ya bati, na Chiriku haketi tena pale karibu."

"Nitaketi wapi?" aliuliza Chiriku, akainuka juu ya viwiko. "Nitaketi mlangoni. Au nitaketi kwa bibi halafu wewe unanirushia ncha ya mkate juu ya ua, ila usirushe kama ile siku uliyomrushia paka, maana paka mwenyewe aliogopa, na mwalimu wetu alisema paka wana mapafu pia, Bibi, paka ana mashuka mangapi?"

Aliendelea mpaka saa kumi na moja, bila kituo, paka, mwalimu, kuku wa jirani, mvuke wa hospitali, kila kitu. Na ndani ya chumba kile hakuna hata mmoja aliyemwambia anyamaze.